Wang Qingren, tabibu aliyesaka siri ya damu makaburini

MKAZI wa Kaloleni, Jericho au Umoja, hapa Nairobi, akivimba mguu mmoja kisha apungukiwe na pumzi ghafla, daktari hushuku donge la damu limeganda mshipani na kusafiri hadi mapafuni. Jirani naye huenda akamshauri atafute mitishamba ya Kichina ya kuiamsha damu iliyolala. Mengi katika ushauri huo yana asili kwa tabibu mmoja, Wang Qingren.

Wang alizaliwa mwaka wa 1768 wilayani Yutian, kaskazini mwa Uchina. Mwaka wa 1797 maradhi ya kuambukiza yaliwaua watoto wengi huko Luanzhou. Maskini waliwazika wanao juu juu, wakiwa wamefungwa kwa mikeka, na mbwa wakawafukua. Mila hazikuruhusu maiti kupasuliwa. Kwa siku kumi Wang alifika hapo kila asubuhi, akachunguza maiti zaidi ya 30 na kubaini kwamba michoro ya vitabu vya kale ilikuwa na makosa. Ni kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia.

Baadaye alifungua duka la dawa Beijing. Kitabu chake cha kusahihisha makosa ya matabibu kilitoka mwaka wa 1830, naye akafariki mwaka uliofuata. Humo alieleza kuwa kumbukumbu hukaa ubongoni, wala si moyoni. Kuhusu damu, alishikilia kuwa baridi huigandisha, joto huipika hadi ikawa mabonge, na nguvu ya uhai, ambayo Wachina huiita qi, ikipungua, damu hutuama. Kiharusi alikitibu kwa msingi huo.

Hata hivyo, msahihishaji naye alikosea. Alipoona ateri za maiti hazina damu, alidhani hupitisha qi pekee, ilhali Mwingereza William Harvey alikuwa ameeleza mzunguko wa damu tangu mwaka wa 1628.

Miaka 25 baada ya kifo cha Wang, Mjerumani Rudolf Virchow alichapisha utafiti wake kuhusu madonge yanayomeguka na kuziba mishipa kwingineko. Jina lake sasa huhusishwa na vyanzo vitatu: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Ndiyo maana mama aliyejifungua, mgonjwa aliyelala kitandani kwa wiki kadhaa na mwenye saratani huwa hatarini. Damu iliyotuama ya Wang inakaribiana na chanzo cha kwanza, lakini si kitu kimoja, kwani yeye aliihusisha pia na maumivu na matatizo ya hedhi.

Mmea wa danggui, uliomo katika michanganyiko yake maarufu, ungali unauzwa. Ukitumiwa pamoja na warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, waweza kuiongezea makali hadi mgonjwa akavuja damu tumboni au ubongoni. Daktari anayempima hatakijua chanzo asipoambiwa.