Tippu Tip na Mipira ya Biliadi

Wengi wetu tumewaona vijana sokoni Itumbe wakicheza puli. Mchezaji anapaka ncha ya fimbo chaki, anainama, anaupiga mpira mweupe, nao ule wa rangi unatumbukia mfukoni. Mipira hiyo siku hizi ni ya plastiki ngumu. Kumbe katika karne ya 19 mipira bora ya biliadi ilichongwa kutoka pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka kwetu Afrika Mashariki! Ndiyo maana nawasimulia maisha ya Tippu Tip.

Jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Babake alifanya biashara Tabora, na Hamed alianza safari za bara akiwa kijana tu. Mnamo 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa karibu na Ziwa Tanganyika, akateka pembe nyingi sana. Inasemekana jina Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake. Baadaye aliingia Manyema, huko Kongo, akafanya Kasongo kuwa makao yake. Wazungu kama Cameron na Stanley walisaidiwa naye katika safari zao. Mnamo 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani.

Kwa nini biashara hii ilikula ndovu wengi hivyo? Ndani ya pembe mna mshipa mwembamba. Fundi alipaswa kuchonga mpira ili mshipa huo upite katikati kabisa. La sivyo, uzito uliegemea upande mmoja, na hata ukipigwa sawasawa mpira ulipinda njia na kukosa mfuko. Wachongaji wetu wa Tabaka wataelewa haya, kwani hata wao huchagua jiwe kwa makini. Basi pembe moja ilitoa mipira michache tu.

Pembe hizo zilibebwa mabegani kwa miezi mingi hadi pwani. Wapagazi wengine, kama Wanyamwezi, walilipwa. Wengine walikuwa watumwa. Vijiji vilivamiwa, watu wakatekwa. Mtu aliyecheza biliadi London hakuyaona hayo.

Mnamo 1863 kampuni moja ya Marekani iliahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala ya pembe. John Wesley Hyatt akajaribu, na kazi yake ikazaa seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo.

Tippu Tip alirudi Unguja akiwa tajiri wa mashamba na watumwa. Huko aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1905.

Wenzangu wa chama, wako wanaomsifu kwa sababu ya kitabu hicho. Mgala muue na haki yake mpe: kitabu ni hazina ya lugha yetu, sikatai. Lakini mimi siwezi kumwita shujaa. Wale waliobeba pembe hawakuandika chochote, na majina yao hatuyajui. Mwaka 1989 serikali yetu ilichoma tani 12 za pembe Nairobi. Naona moto ule ulikuwa jibu zuri kwa biashara ile. Tukicheza puli, tuwakumbuke pia wapagazi.