Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Miguu Mitupu

Ateremkaye kwa miguu toka milima ya Masisi mpaka misitu ya Walikale ajua thamani ya miguu yenye nguvu. Sikieni basi habari za mtu aliyepata sifa kwa miguu yake, kisha akanyimwa nguvu zake.

Abebe Bikila alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Ethiopia, ambayo wazee waliiita Uhabeshi. Baba yake alikuwa mchungaji wa mifugo. Alipokuwa kijana, Abebe aliingia katika jeshi la walinzi wa Kaisari Haile Selassie, na huko Mswidi mmoja, Onni Niskanen, alimfundisha mbio.

Mwaka 1960 alipelekwa Roma kushindana katika marathoni ya Olimpiki, yaani mbio za kilometa 42 na zaidi. Viatu alivyopewa havikumfaa. Akaviacha, akakimbia miguu mitupu. Usiku ulikuwa umeingia alipofika wa kwanza, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Mwaka 1935 majeshi ya Italia yalikuwa yameivamia nchi yake kwa silaha. Yeye alishinda katika mji wao mkuu bila silaha wala viatu. Kabla yake hakuna mtu wa Afrika ya Mashariki aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1964 alishinda tena huko Tokyo, ingawa wiki chache kabla alikuwa amepasuliwa kidole tumbo. Ndiye wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Lakini mwaka 1969 alipata ajali ya gari, na tangu siku ile hakutembea tena. Je, maisha yake yalikwisha hapo? La, hasha. Alitibiwa Uingereza, na mwaka 1970, akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu, alishindana kwa upinde na mishale pamoja na wenzake waliopooza. Miguu ilikufa, moyo haukufa.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, mwenye umri wa miaka 41, akaombolezwa na taifa zima. Baada yake walitokea washindi wengi wa Ethiopia na Kenya. Mmoja wao, Eliud Kipchoge wa Kenya, alishinda marathoni hiyo mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021.

Ndugu msomaji, labda kijijini kwako yumo mtu ambaye vita au ajali imemnyima miguu. Usimhesabu kuwa amekwisha. Kaa naye, umwulize mikono yake yaweza kazi gani, umpe nafasi aifanye.