David Livingstone

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – kijiji cha Chitambo, leo nchini Zambia, 1 Mei 1873) alikuwa daktari, mmisionari na mpelelezi wa Afrika.

Livingstone aliamini kwamba biashara halali pamoja na Ukristo vingekomesha biashara ya watumwa, hivyo alitafuta njia za kufika bara. Lakini wakati wa safari ya Zambezi (1858–1864) wafanyabiashara wa watumwa walifuata njia aliyoifungua kando ya mto Shire. Imani yake iliwasaidia wale aliotaka kuwashinda.

Njia ya misafara

Mgongano huo ulimfuata hadi Ujiji na Tabora. Alipoishiwa mali na dawa alitegemea msaada wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wengi wao wakimiliki au kuuza watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 huko Nyangwe alishuhudia watu wao wakiua mamia sokoni. Akarudi Ujiji, ambako Henry Morton Stanley alimkuta. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Kifo

Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Taarifa zake kuhusu Nyangwe zilichangia Uingereza kumshinikiza Sultani Barghash, aliyefunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Barua zake zilifanikisha jambo ambalo njia zake hazikuliweza.