Boltzmann, mzee aliyebishiwa atomu zake

Wadau, leo namleta kwenu Ludwig Boltzmann, mzaliwa wa Vienna, Austria, 1844. Jamaa alishikilia kwamba kila kitu ni chembe zisizotulia: kwenye yabisi zinatetemeka palepale, kwenye kimiminika zinapishana, kwenye gesi zinakimbia ovyo zikigongana. Ukiongeza joto, mbio zinazidi. Wasomi wazito kama Ernst Mach wakambishia, eti atomu hazijaonekana. Mwaka 1906, akiwa amesumbuliwa sana na sonona, alijiua huko Duino, ambako leo ni Italia. Kinachoniuma ni hiki: 1908 Mfaransa Jean Perrin, akichunguza kwa hadubini punje zinazochezacheza majini, akapata ushahidi kwamba atomu zipo. Mzee hakuuona. Mnasemaje wadau?