Clara Barton: Mwalimu aliyekataa ujira duni

JINA la Clara Barton huhusishwa sana na Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani. Hata hivyo, katika mji mdogo wa Bordentown, jimbo la New Jersey, imo nyumba ya matofali yenye chumba kimoja tu ambayo huhifadhi kumbukumbu ya kazi yake ya awali: ualimu.

Barton alizaliwa Desemba 25, 1821 huko North Oxford, Massachusetts, akiwa kitinda mimba wa watoto watano. Alianza kufundisha katika shule za mashambani akiwa na umri wa miaka 17.

Mnamo 1852 alifika Bordentown na kukuta watoto wengi wakirandaranda mitaani, kwa kuwa shule zilizokuwapo zilitoza karo. Aliwashawishi wakuu wa mji wamruhusu kufungua shule ya bure, naye akajitolea kufundisha bila mshahara mwanzoni. Siku ya kwanza walihudhuria wanafunzi sita. Muda si muda wakawa mamia, ikabidi shule kubwa zaidi ijengwe.

Hapo ndipo dhuluma ilipojitokeza. Badala ya kumkabidhi mwanzilishi uongozi, wakuu hao walimwajiri mwanamume awe mwalimu mkuu kwa mshahara wa dola 600 kwa mwaka, ilhali Barton alilipwa dola 250. Kujitolea lilikuwa jambo la hiari yake. Kupunjwa kwa sababu ya jinsia hakuweza kukustahimili. Mnamo 1854 alijiuzulu na kuhamia Washington, akawa karani katika afisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861, alipeleka chakula na bandeji hadi medani na kuwauguza majeruhi. Baadaye afisi yake ilibaini hatima ya zaidi ya wanajeshi 22,000 waliotoweka. Mei 21, 1881 alianzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani, akauongoza hadi 1904. Alifariki Aprili 12, 1912 akiwa na umri wa miaka 90.

Chumba kile cha Bordentown hakikuachwa kiporomoke. Walimu na wanafunzi wa New Jersey walichanga pesa kikakarabatiwa, na sasa ni makumbusho. Jina linalokumbukwa pale ni la mwalimu aliyelipwa dola 250.