Maisha ya Bob Hayes, Mtu wa Mbio

Wanafunzi wenzangu, wengi kati yetu wanajua majina ya wapiga ngumi na ya wachezaji wa mpira, lakini jina la Robert Hayes, mwenye watu wote waliita Bob, halisikilikani sana huku kwetu. Sababu ni kwamba mchezo wake hatuuchezi. Ni mpira wa Wamarekani, ule wa kushika na mikono, na mpira wenyewe ni mrefu kama yai.

Inafaa kwanza kueleza kazi yake kidogo. Kila ekipe ina watu 11 uwanjani. Mmoja anasimama katikati, ndiye mwenye kutupa mpira. Wengine wakubwa wakubwa wanasukumana kwa vifua ili adui wasimfikie. Na kule pembeni kabisa, karibu na mstari, anasimama mtu mwepesi: kazi yake ni kukimbia mbele, kumwacha mlinzi wake, na kudaka mpira wenye kutoka juu. Akiufikisha nyuma ya mstari wa mwisho, ekipe yake inapata pointi 6. Hiyo ndiyo kazi Bob Hayes aliifanya tangu mwaka wa 1965 mpaka 1975.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 12, mwaka wa 1942, mjini Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Wakati ule Weusi wa kusini walitengwa na Wazungu kwa sheria: masomo yao mbali, viti vyao mbali ndani ya otobisi, hata mashindano yao mbali. Masomo ya Matthew Gilbert, kule alisoma, yalikuwa ya Weusi peke yao. Mwaka wa 1958 ekipe yao ilicheza mara 12, ikashinda mara 12, ikawa ya kwanza kati ya masomo ya Weusi ya jimbo lote. Bob alikuwako, lakini sana sana alikuwa wa kungojea kwenye benki. Na ule ushindi, ilipita miaka kama 50 mbele watu wa nje waukumbuke.

Kisha akaingia chuo kikuu cha Florida A&M, mjini Tallahassee, nacho cha Weusi. Antrenere wa mpira pale alikuwa Jake Gaither. Bob alicheza mpira na tena alikimbia mbio. Wenye kumwona mara ya kwanza walishangaa, kwani hakukimbia vizuri kwa macho: vidole vya miguu vilielekea ndani, mabega yalitikisika huku na huku, ungesema mtu anabeba gunia. Lakini saa haiangalii uzuri. Mwezi wa 6 mwaka wa 1963, mjini St. Louis, alikimbia yadi 100 kwa segonde 9.1. Mbele yake hakuna mtu alikuwa amefanya vile.

Mwaka wa 1964 akaenda Tokyo, Japani, kwenye michezo ya Olimpiki. Siku ya mwisho wa metre 100 alifungua mfuko wake, akakuta kiatu kimoja tu! Joe Frazier, mpiga ngumi (ndiye yule alimwangusha Muhammad Ali mwaka wa 1971, miaka mitatu mbele Ali kuja Kinshasa), alikuwa amepekua ule mfuko akitafuta chingamu, na kiatu kimoja kilianguka kikabaki chini ya kitanda. Ikampasa Bob kuazima kiatu kwa mwenzake. Tena alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, yenye udongo ulikuwa umekwisha kuharibiwa na miguu ya watu wa mashindano ya kutembea. Na hivyo, na kiatu cha mwingine, juu ya udongo mbaya, alishinda kwa segonde 10.0, akiwaacha nyuma Figuerola wa Kuba na Jerome wa Kanada. Ilikuwa sawa na rekodi ya dunia.

Siku sita nyuma yake ilikuwa mbio ya kupokezana kijiti, watu wanne kila inchi. Bob alikuwa wa mwisho. Alipopokea kijiti, Wamarekani walikuwa wa tano. Alipofika kwenye kamba, alikuwa mbele ya wote kwa metre kama tatu. Ekipe yake ikaandika rekodi ya dunia, segonde 39.0. Wapo wenye kusema mpaka leo kwamba hakuna mtu amekimbia vile tena. Kisha akaacha mbio. Alikuwa na miaka 21.

Dallas Cowboys walikuwa wamekwisha kumchagua, lakini jina lake lilitoka la 88. Watu waliona wakimbiaji wengi walishindwa kudaka mpira. Mwaka wa kwanza, 1965, alidaka mara 46, akapeleka mpira yadi 1,003, na kufika nyuma ya mstari mara 12. Mwaka wa 1966 alifika mara 13, na siku moja, wakicheza na Washington, alidaka mpira akakimbia nao. Yote pamoja yadi 95, karibu uwanja wote.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Zamani kila mlinzi alipewa mtu wake wa kufuata, kama vile sisi tunavyosema: wewe shika huyu. Lakini nani angemshika Bob? Basi ma-antrenere wakaanza kutumia zaidi njia nyingine: kila mlinzi achunge sehemu yake ya uwanja, na mtu akiingia pale ndipo amshike. Njia ile ilikuwa imejulikana mbele yake, lakini mbio za Bob ziliwalazimisha wengi kuifuata, na mpaka leo inatumika.

Hakuwa mtu wa kushinda kila siku. Tarehe 31 mwezi wa 12, 1967, walicheza Green Bay katika baridi ya kutisha, kama degre 25 chini ya sifuri. Bob aliweka mikono ndani ya suruali kila mara alipojua mpira hautakuja kwake. Adui wakaona: mikono ikiwa ndani, huyu tumwache. Dallas wakashindwa, 21 kwa 17. Lakini mwezi wa kwanza mwaka wa 1972, kule New Orleans, walishinda Miami 24 kwa 3, na Bob akawa mtu wa kwanza kupata zahabu ya Olimpiki na tena pete ya Super Bowl.

Mwaka wa 1975 alipelekwa San Francisco, akacheza kidogo tu, wakamwacha. Nyuma ya pale maisha yaliharibika. Pombe na dawa za kulevya zilimshika. Mwaka wa 1979 alikubali mbele ya tribinali kwamba alimpatia polisi, mwenye alijificha kama mnunuzi, dawa zile. Akahukumiwa miaka 5, akakaa gerezani miezi 10. Hakusingiziwa, na hatuna sababu ya kuficha jambo hilo kwa kuwa alikuwa mashuhuri. Alipotoka alihangaika bado na pombe. Lakini alirudi chuoni, na mwaka wa 1994 akapata diploma ya kufundisha watoto wa masomo ya msingi. Alikuwa na miaka 51.

Kule Canton, jimbo la Ohio, kuna nyumba ya heshima ya wachezaji wakubwa. Wenzake wakaingia mmoja mmoja, yeye hapana. Wengi waliamini gereza ndilo lilimfungia mlango. Mimi naona haikuwa haki: deni la gereza alikwisha kulilipa, na wale watu waliitwa kupima mchezo. Mwaka wa 2001 Dallas wenyewe waliweka jina lake juu ya uwanja wao. Alifika, lakini alikuwa mgonjwa sana. Tarehe 18 mwezi wa 9, 2002, alikufa Jacksonville, figo zake zimeshindwa. Mwaka wa 2004 wachaguzi wakamkataa tena, na mwandishi mmoja kati yao, Paul Zimmerman, akatoka kwa hasira.

Mwaka wa 2009 wakamkubali. Mwezi wa 8, kule Canton, sanamu ya kichwa chake ilifunuliwa, na mtoto wake, mwenye jina kama lake, alisimama pale kwa ajili ya baba yake.