Isaac Newton, aliyeficha hesabu ya vitu vinavyotiririka

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa juu ya volkano Nyiragongo, karibu na mji wa Goma, lilikauka kwa muda usiofika saa moja. Kutafuta kina cha ziwa kama hilo kinashuka kwa kasi gani, lava ikiwa inatoka, ni hesabu ambayo Mwingereza Isaac Newton aliiandika miaka zaidi ya 300 mbele ya tukio hilo.

Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642, kwa kalenda ya zamani ya Uingereza, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu mapema. Mtoto alipofika miaka mitatu, mama aliolewa tena akamwacha kwa bibi yake.

Mwaka 1665 tauni ilifunga Chuo Kikuu cha Cambridge alikosoma, naye akarudi kijijini. Vijana wa Goma, ambao si mara moja wameona shule zikifungwa, wanaijua hali hiyo. Oktoba 1666, akiwa na miaka 23 tu, aliandika njia yake.

Aliona kila kipimo kama kitu kinachotiririka na wakati. Vipimo viwili vikiunganishwa na mlinganyo mmoja, kasi zao pia zinaungana. Tuseme shimo la volkano ni koni yenye ncha chini, na lava inatoka kwa kiasi kilekile kila dakika. Kina kikibaki nusu, uso wa lava unabaki robo, kwa hiyo kina kinashuka mara nne haraka kuliko mwanzo. Mwanafunzi anayeweka namba ya kina kabla ya kutafuta kasi anakosea hapo hapo, kwani amekisimamisha kitu kinachotembea.

Mwaka 1671 Newton aliandika kitabu kamili juu ya njia hiyo, lakini hakukitoa. Mjerumani Gottfried Leibniz, aliyegundua njia yake mwenyewe, aliitangaza mwaka 1684. Ugomvi ukawaka. Mwaka 1712 Royal Society, ambayo rais wake alikuwa Newton, iliunda kamati. Ripoti iliyompa Newton haki aliiandika Newton mwenyewe kwa siri. Kwa mtu wa akili kama ile, ni doa kubwa.

Leibniz alifariki mwaka 1716. Newton alimfuata Machi 1727, akiwa na miaka 84. Kitabu chake kilitoka mwaka 1736, wakati nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuzoea alama za Leibniz, zile ambazo walimu wanaandika ubaoni hadi leo.